Bimkubwa Aliyekaribisha Kingamwili

Nimefanya kazi na watu wengi, hapa nyumbani na ng'ambo, na ni wachache sana walioweza kunifundisha jambo nisilolijua. Mmoja wao ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, ambaye alikuwa mkuu wa maabara yetu ndogo pale Chumbageni, Tanga. Tulimwita Bimkubwa. Wafagizi walimwita hivyo, madaktari walimwita hivyo, na wageni wa mradi waliokuja kutoka Ulaya na vyeo vyao virefu, baada ya siku mbili nao walijikuta wanamwita hivyo.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili. Nyumba moja ya kijiji cha Mkwaja, kwa mfano, ilikuwa imezika wavulana watatu wa vizazi viwili kabla hatujaisikia. Ugonjwa wenyewe hupita kwa mama na kuwaangukia watoto wa kiume. Kuna protini moja, BTK, ambayo mvulana akizaliwa bila hiyo, mwili wake hauwezi kujitengenezea kingamwili, ile silaha yetu sote dhidi ya maradhi. Huugua masikio, huugua mapafu, hupata nafuu, huugua tena, hadi siku moja asipate nafuu. Asiyepimwa huzikwa kwa jina la nimonia.

Na sisi tulimtafuta mtoto wa namna hiyo kwa kingamwili nyingine, ya kutengenezwa, iliyokuja katika kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Haikuwa dawa. Kazi yake ni kuing'ang'ania BTK na kuacha kila kitu kingine, na mkiani imefungwa rangi inayong'aa. Tuliichanganya na damu, tukaipitisha kwenye mashine ya leza, na skrini ikachora kilima. Kilima kikisimama kulia, protini ipo. Kikisimama kushoto, haipo. Nimewahi kuwaeleza hivi wanafunzi wa shahada, wakanishukuru kwamba wameelewa kwa mara ya kwanza.

Kichupa kipya kilipofika, Bimkubwa hakukiruhusu kimguse mgonjwa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka kwenye friji, akakiambia, "Karibu mgeni. Starehe." Siku ya kwanza tulikijaribu kwa damu ya mtu mwenye afya yake. Siku ya pili, kwa damu ya mwingine. Vilima vikisimama panapotakiwa, siku ya tatu alifungua mlango wa friji na kutangaza, "Haya, mgeni apewe jembe." Hapo ndipo kazi ilianza.

Mara ya kwanza nilicheka. Nilikuwa nimerudi karibuni. Mimi ni mtoto wa wakata mkonge, Walutheri waliotelemka kutoka Usambara, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilianza kwa kuosha vyombo vya maabara Maskati, nikasoma jioni, nikajilipia mwenyewe diploma ya sayansi ya maabara huko India, nikaipata kwa alama za juu. Nilirudi Tanga na diploma hiyo ikiwa kwenye fremu ya kioo. Bimkubwa aliitazama, akanitazama mimi, akauliza, "Na hii inahifadhiwa nyuzi joto ngapi?" Tangu siku hiyo jina langu likawa Bwana Diploma. Walinzi wa geti hawajui jina langu jingine hadi leo, na silichukii.

Bimkubwa alisema uvumilivu wake aliupata kituo cha Amani, kule milimani, alikopelekwa ujanani kufunzwa kufuga mbu wa utafiti. "Ukiweza kumlea mbu, ukamlisha, ukambadilishia maji, ukahuzunika akifa," alisema, "utalea chochote." Lakini uvumilivu huo ulikuwa kwa mbu na kwa kingamwili. Watu hawakupata hata kijiko. Dereva mmoja alikabidhiwa kichupa Dar es Salaam akilete Tanga, naye kwa nia njema kabisa alisimama njiani akanunua barafu, akakizika humo kikaganda. Alifika anatabasamu. Bimkubwa alifungua kasha, akafunga macho.

"Baba," akamwambia polepole, "ulidhani umebeba nini?"

"Dawa ya maabara, Bimkubwa. Nikasema isiharibike."

"Ulidhani umebeba samaki, changu. Changu ndiye anayelazwa kwenye barafu. Huyu hapa anataka ubaridi wa mtungi. Umemwua mgeni wangu barabarani!"

Dereva aliomba radhi mpaka ikawa aibu kumsikiliza. Kesho yake Bimkubwa alimletea mkate wa kumimina, mzima, kwa ajili ya watoto wake. Ndivyo alivyokuwa. Asubuhi anakukata kwa maneno, jioni anauliza mama yako anaendeleaje na goti.

Chakula ndani ya maabara kilikuwa haramu, na adhabu yake ilikuwa hotuba. Hata hivyo yeye mwenyewe kila siku saa nne alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, kiwiliwili nje ukumbini, anakula vitumbua huku akisimamia kazi. Nilipomwuliza sheria inasemaje juu ya hilo, alijibu, "Sheria inasema mdomo uwe nje. Tazama mdomo." Alitukemea tuliochelewa, na yeye alichelewa kila siku kwa sababu hakuweza kupita nyumba bila kubisha hodi na kujua wameamkaje. Kila Ijumaa alitangaza kwamba amechoka na bara, anarudi kwao Pemba. "Nikistaafu, siku ya pili mtanikuta Wete, nachambua karafuu, na simu nimeitupa kisimani."

Kichupa chetu kilikuwa na maandishi madogo: kwa utafiti tu, si kwa kupimia wagonjwa. Vijana wengine waliyaona hayo wakaogopa. Bimkubwa alikuwa ameyasoma kuliko sisi sote. Jibu letu halikuwa la mwisho. Kila mtoto ambaye kilima chake kilikaa vibaya, damu yake ilipelekwa nje kwa kipimo cha vinasaba. Lakini kipimo hicho kilichukua muda mrefu, na daktari wa wodi alihitaji kujua afuate njia ipi wakati anasubiri. "Sisi ni wenye taa," alisema. "Hatumbebi mtoto. Tunamulika tu, lakini tukimulika ukutani, watu wataanguka."

Jambo la ajabu zaidi kwake, na nimeishi na maprofesa nikaona wasivyoliweza, ni kwamba alifurahi alipogundua kuwa amekosea. Kwanza angebishana. Angebishana kama wakili, kwa mifano ya mbu na methali za Pemba, mpaka ukaona heri ukubali tu. Kisha, ukweli ukimjia, uso wote ungefunguka kama mtu aliyeletewa zawadi. Hilo nililiona wazi siku ya mtoto wa Mkwaja.

Hapa lazima nieleze sheria yake aliyojivunia kuliko zote. Damu ya mgonjwa haikuruhusiwa kusafiri peke yake. Muuguzi akitoa damu ya mtoto wodini, aombe na ya msindikizaji wake, chupa zote mbili ziwekwe kasha moja, zije kwetu kwa bodaboda moja. Kama jua au kuchelewa kumeiharibu damu ya mtoto, basi na ya mwenzake itakuwa imeharibika, nasi tutajua. Damu hiyo ya pili aliiita shahidi.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minne, wa nyumba ile ile iliyozika wavulana watatu. Alikuwa hospitali ya mjini, kwenye oksijeni, mapafu yake yamejaa. Baba yake alikuwa kwenye mashamba ya chumvi na mama yake alikuwa na mimba pevu, amebaki Mkwaja. Kasha lilifika asubuhi na chupa zake mbili. Nilifanya kazi yote mwenyewe, kwa mikono hii, bila kosa.

Kilima cha mtoto kilisimama kushoto, chote. Nikafungua cha shahidi, nikitarajia kimoja kilichosimama kulia. Vilikuwa viwili. Kimoja kulia, kimoja kushoto, vinalingana kama pacha.

"Kingamwili imekufa," nikasema. Jana yake umeme ulikuwa umekatika kutwa, na jenereta lilichelewa kuwaka. "Bimkubwa, tukitupe hiki kichupa, tuagize kingine."

Kuagiza kingine maana yake ni kusubiri majuma kwa majuma, na mtoto hakuwa na majuma. Lakini kutoa jibu kwa kingamwili iliyokufa ni vibaya vile vile. Ungesema mtoto hana protini, kumbe anayetafuta ndiye kipofu, na daktari angeacha kutafuta ugonjwa wa kweli. Sisi wawili tulilijua hilo.

Bimkubwa alivuta kiti akakaa mbele ya skrini.

"Imekufa nusu?" akauliza.

"Vipi?"

"Nakuuliza, Bwana Diploma. Huko kwenu milimani maziwa yakichacha, yanachacha nusu kikombe?"

Bimkubwa akakunja mkono wa baibui mpaka juu ya kiwiko. "Nitoe damu."

Nilimkodolea macho. Huyu mwanamke alikuwa ameshika damu za watu miaka na miaka, na sindano ikielekezwa kwake aliiogopa kuliko mtoto mdogo. Kila kampeni ya chanjo alipatwa na safari ya ghafla.

"Wewe, Bimkubwa?"

"Kuna Mpemba mwingine humu? Nitoe kabla sijabadili nia."

Alishika ukingo wa meza, akafumba macho, akaanza kusoma kwa sauti kila dua aliyoijua. Nilipochoma alizikatiza kwa yowe: "Mikono ya mchimba viazi hiyo!" Kisha akaendelea na dua pale pale alipoachia.

Kilima chake kilitoka kimoja, kulia, kimesimama wima. Basi kingamwili ilikuwa hai. Bimkubwa akakaa akikitazama, pamba bado imebanwa kiwikoni. Akarudisha vilima viwili vya shahidi kwenye skrini. "Cha kulia kinaniambia damu ilifika salama," akasema. "Hiki cha kushoto kinaniambia nini?" Halafu akageuka kwa haraka. "Huyo msindikizaji ni nani?"

Nikampigia muuguzi wa wodi, nikaweka simu kwa sauti kubwa.

"Ni mama yake mdogo," muuguzi akasema. "Mdogo wa mama yake, tumbo moja. Kwani vipi?"

Bimkubwa alipiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Mjinga mimi! Mjinga mkubwa! Nimemwita shahidi kutoka nyumba ya mshitakiwa!"

Nami nikaelewa papo hapo, maana sihitaji kuambiwa jambo mara mbili. Mwanamke ana nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza protini hiyo, na kila seli yake hutumia moja. Akiwa amerithi nakala moja mbovu, nusu ya seli hizo zitakuwa na BTK na nusu hazitakuwa nayo. Haugui, lakini kwenye skrini anachora vilima viwili. Mama mdogo alikuwa amebeba kasoro ile ile aliyoibeba dada yake. Vilima vyake havikuiharibu kazi yetu. Viliithibitisha.

Kule nilikosomea kosa hili lisingetokea. Mgonjwa huja peke yake na karatasi yake, na damu ya kulinganishia hutoka kwa mtu asiyemjua. Hapa kwetu nani atampeleka mtoto hospitali na mtu baki? Anakwenda na damu yake, na mara nyingi ni damu ya kuukeni, upande wa mama. Bimkubwa, kwa miaka yote ya kujivunia sheria yake, hakuwahi kuliwaza hilo. Mchana ule ule alibandika tangazo kwenye kasha kwa maandishi makubwa: SHAHIDI AWE WA KUUMENI AU JIRANI.

Tulimpigia daktari. Hakungoja majibu ya ng'ambo, ambayo baadaye yalikuja kusema yale yale. Alimwanzishia mtoto dripu ya kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa watu wengine wenye afya, na kabla ya wiki mbili kwisha oksijeni iliondolewa. Dripu hiyo huipata kila mwezi hadi leo. Sasa yuko shule, na nasikia mwalimu wake analalamika kwamba hakai kitini.

Lakini mama mdogo ilibidi aambiwe. Alikuja maabara kesho yake, binti wa miaka ishirini na kitu, mshona nguo, mwenye ulimi mwepesi.

"Shikamoo Bimkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kaa kitako. Kwanza ujue huumwi."

"Sasa mbona naitwa?"

"Umebeba."

"Nimebeba! Bimkubwa, mie sijaolewa, usinitangazie mjini!"

Tulicheka wote watatu. Kisha Bimkubwa akamweleza kwa utaratibu, akichora vilima kwenye kipande cha boksi. Mtoto wa kiume atakayemzaa anaweza kuwa kama huyu wa dada yake, na anaweza asiwe. Nusu kwa nusu. Binti aliacha kucheka.

"Bibi yetu anasema ni jini la kuukeni," akasema. "Anasema linataka wavulana tu."

Nilijiandaa kumsahihisha, maana hapo ndipo elimu yangu ilipohitajika. Bimkubwa alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Bibi yako ana macho," akamwambia. "Ni la kuukeni kweli, na ni wavulana kweli. Ameliona bila mashine. Sisi tumelipiga picha tu."

"Na linaogopa nini?"

"Dripu."

Binti alimtazama kuona kama anamtania. "Basi siku nikipata mtoto wa kiume," akasema, "nitamleta hapa kabla sijampa hata jina. Na wewe uwepo."

"Mie nitakuwa Wete, nachambua karafuu."

"Utakuja."

Bimkubwa alistaafu. Tulimfanyia sherehe, nikatoa hotuba ambayo watu bado wanaizungumza. Siku ya pili hakuwa Wete. Wala mwezi wa pili. Alikuwa nyumbani kwake pale pale Chumbageni, anabisha hodi nyumba za watu asubuhi, na kila alipoulizwa habari za Pemba alisema bahari imechafuka. Mimi nilipewa maabara. Tuna mashine mpya sasa, jenereta linawaka lenyewe, na vichupa vipya bado vinakaribishwa siku mbili, ingawa mimi sisemi nao kwa sauti.

Mwaka huu, baada ya masika, niliitwa getini. Mama mdogo alikuwa amesimama na kitoto cha siku chache, mumewe pembeni ameshika mkoba, na mbele yao, ametangulia kwa fimbo, Bimkubwa. Amepungua mwili. Sauti haijapungua.

"Shikamoo Bimkubwa."

"Marahaba, Bwana Diploma. Tupishe, kuna kazi. Huyu mwenzio hataki kumpa mtoto jina mpaka nikae kwenye kile kiti."

Akakaa. Muuguzi alitoa damu ya kitoto, tone kwa tone, na mtoto akalia kwa nguvu, jambo lililompendeza kila mtu.

"Shahidi nani?" Bimkubwa akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Huna undugu na Mkwaja?"

"Bimkubwa, mimi Msambaa!"

"Wasambaa mna miguu. Mnatembea."

Mume wa binti alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nilifanya kazi nao wakingoja. Sikumwachia kijana yeyote. Kilima changu kikatoka kulia, kilivyopaswa. Halafu cha mtoto kikaanza kupanda, na nikajua kabla hakijamaliza. Kilisimama kushoto.

Bimkubwa alikiona nami kwa pamoja. Hakusema na mimi. Aligeuza kiti, fimbo ikaanguka, akamwambia mama, "Amelichukua, mwanangu."

Binti alitazama skrini, kisha akamtazama mtoto, mnene, mweusi wa kung'aa, asiye na hata mafua. Machozi yalimtoka bila sauti. "Sasa nilie au nifanyeje?"

"Lia. Mimi nitamshika." Akampokea. "Lakini sikiliza huku ukilia. Dada yako alijua mtoto tayari yuko kwenye oksijeni. Bibi yako alijua wavulana tayari wako kaburini. Wewe umejua leo, na mtoto ananyonya. Bado ana kinga yako uliyompa tumboni, itamshikilia miezi michache. Kabla haijaisha, dripu itakuwa imeanza. Bwana Diploma anampigia daktari sasa hivi. Mbona umesimama, wewe?"

Nilikuwa tayari na simu sikioni. Daktari akapokea, nikamweleza, akasema watamwona keshokutwa na kwamba ataagiza dripu mapema. Nilirudia maneno yake kwa sauti ili wote wasikie.

Ndipo mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, ya mdomo wazi. Mama yake aliruka kama aliyechomwa. Baba akadondosha mkoba. Katika nyumba ile chafya ya mvulana haikuwa kitu cha kucheka, na hata mimi, kwa elimu yangu yote, nilijikuta nashika simu tena.

Bimkubwa alitutazama mmoja mmoja.

"Jamani, mtoto kapiga chafya," akasema. "Watoto hupiga chafya. Hamna hata wa kumwambia afya?"

"Afya," nikasema.

"Afya," akasema baba.

Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwinamia mwanawe. "Afya, baba," akamwambia, na baada ya hapo, kwa mara ya kwanza, akamwita jina lake.